Mtama Ulioiva Peke Yake

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa ofisini mlinipa vitenge, saa ya ukutani na kiti cha kupumzikia, kisha mkaniomba niwaandikie machache yatakayowafaa kazini. Saa imekwisha kusimama, kiti nakikalia, na machache ndiyo haya. Sitawaandikia nilipandishwa daraja lini. Hayo yamo kwenye jalada langu, na anayeyataka akapambane na vumbi la masjala. Nitawaandikia habari za familia moja ya mkulima iliyonipokea nikiwa sijui kitu, ikanilisha, na ikabeba kosa langu mgongoni bila kunisimanga hata siku moja.

Nilipangiwa kazi wilaya ya Mpwapwa nikitoka chuoni, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Njombe, mahali ambapo mahindi yakikosa mvua wiki mbili watu wanaitisha maombi. Nilishuka Gulwe asubuhi na begi moja la nguo na vitabu vitatu, vyote vya mahindi. Nikatazama vichaka vya miiba, udongo uliopasuka na mto wa mchanga mtupu, nikawaonea huruma wakulima wa pale. Nikikumbuka ile huruma yangu nacheka mwenyewe.

Stesheni nilimkuta Bwana Mgonja, bwana shamba wa tarafa, Mpare mwembamba aliyebakiza miaka michache astaafu. Alikuja na baiskeli mbili, ya kwake na ya serikali. Ya serikali haikuwa na breki.

"Utatumia soli," aliniambia.

Njiani, tukiwa tunasukuma zaidi kuliko kuendesha, alinipa somo ambalo chuoni walilisahau. "Kwanza, ukipewa cha kunywa, kunywa. Pili, usihesabu ng'ombe wa mtu, hata kwa macho. Tatu, mtu akikuambia 'haya', usidhani amekubali. Amesikia tu."

"Na akikataa anasemaje?"

"Hakatai. Wewe ni mgeni."

Niliyaandika yote matatu kwenye daftari, nikayapigia mstari kwa rula, kisha nikayasahau. Ndivyo wasomi tulivyo.

Alinifikisha kwa Mzee Ndahani, ambaye uongozi wa kijiji ulikuwa umemwomba anipe chumba. Nyumba yake ilikuwa tembe ya Kigogo, ndefu, ya miti na udongo, paa lake la bapa nalo limefunikwa udongo, imezunguka ua wa ng'ombe pande tatu. Juu ya paa kulikuwa na mlenda uliotandazwa ukauke na vipande vya maboga. Milango ilikuwa mifupi, na kwa wiki nzima nilisalimia kila chumba kwa paji la uso. Mzee Ndahani alikuwa mrefu, masikio yametogwa, mtu wa maneno machache. Nikimwamkia shikamoo aliitikia "marahaba, mbukwa," akamaliza salamu za lugha zote mbili kwa mara moja, kisha akaenda kuongea na ng'ombe. Ng'ombe walipata maneno mengi kuliko mimi.

Mkewe aliitwa Mama Nyemo, kwa jina la binti yao mkubwa. Siku ya kwanza watoto waliponitambulisha kwake kuwa mimi ndiye Bibi Shamba, aliacha kusaga, akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni.

"Bibi," akasema, "na meno yote hayo mdomoni?"

Nyumba nzima ikacheka. Toka siku hiyo alinitania kama mjukuu, na mimi nikamjibu kama bibi.

Nataka mjue familia ya mkulima iliishije wakati ule, maana ninyi mnaikuta ina simu na paa la bati. Kulipopambazuka Mama Nyemo alikuwa tayari kwenye jiwe, anasaga uwele. Sauti ya lile jiwe ndiyo ilikuwa saa yangu, na haikuwahi kusimama kama hii mliyonipa. Nyemo, mtoto wa miaka tisa hivi, alikwenda na wenzake korongoni kufukua mchanga, wakasubiri maji yachuruzike kidogo kidogo, wakayateka kwa kibuyu hadi ndoo ikajaa. Wadogo waliobaki walichunga mbuzi. Mzee alikuwa shambani anaberega, yaani anaparura magugu juu juu bila kutifua, kazi ambayo vitabu vyangu viliita uvivu. Siku moja niliiga kwa jembe la mkono, nusu ekari tu. Kesho yake sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Jioni walikula ugali wa uwele na mlenda, mzee akapiga zeze kidogo, watu wakalala. Katika maisha hayo sikusikia mtu akijiita maskini. Neno hilo nililileta mimi.

Nilikuwa na kipima mvua, mkebe wa serikali niliousimika nyuma ya nyumba. Kila asubuhi niliuangalia na kila asubuhi ulikuwa mkavu, na nadhani uso wangu ulionyesha. Basi asubuhi moja ya kiangazi, bila wingu, nikakuta maji. Nikarukaruka, nikaandika kwenye fomu. Bahati nzuri sikuipeleka. Nyemo alikuwa amemimina humo kibuyu kizima cha maji ya korongoni, yale ya kusubiri, kwa sababu, alisema, "Bibi Shamba huwa unasikitika." Niligomba kidogo, kama ilivyonipasa. Kisha nikaingia chumbani nikalia kwa furaha, maana nilikuwa mbali na kwetu na mtoto yule alikuwa amenipa kitu cha thamani kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Karibu na msimu wa kupanda, wilaya ilituletea mbegu mpya ya mtama, nyeupe, tamu, ya muda mfupi. Kila bwana shamba alitakiwa aanzishe shamba la mfano. Bwana Mgonja alikuwa likizo kwao Same, na mimi sikuona haja ya kumsubiri. Nikamfuata Mzee Ndahani, nikamwomba shamba lake zuri kuliko yote, lile la kando ya korongo, tena lote. Nikamweleza habari za nafasi kati ya shina na shina, nikamchorea mchangani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Haya," akasema.

Mama Nyemo alikuwa kwenye jiwe lake, anatusikia. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Hiyo mbegu inaiva lini?"

"Mapema, mama! Mwezi mzima kabla ya ile ya kwenu."

"Mwezi mzima. Peke yake?"

"Peke yake!" nikajibu, nikijua nimesifiwa.

"Haya," akasema, akaendelea kusaga.

Tulipanda kwa kamba niliyoifunga mafundo. Mimi nilishika ncha moja, mzee ncha nyingine, na siku kadhaa tulikwenda mbele na kurudi tukivuta kamba kama watu wanaopima kiwanja cha mpira. Majirani walipita wakasimama kutazama. Mmoja aliuliza kama mtama ule ukiota utapiga saluti. Sikujali. Mvua ya mwaka ule ilikuja vizuri, mbegu ikaota, ikasimama mistari, ikabeba. Wageni wa wilaya walikuja kuiona, wakamshika mzee mkono, wakanisifu mbele ya mkutano wa kijiji. Niliwaandikia wazazi wangu barua ya kurasa nne. Baba aliisoma kanisani, Mungu amsamehe.

Bwana Mgonja alirudi kutoka likizo mtama ukiwa umeanza kukaza punje. Nilimpeleka shambani nikitembea mbele yake. Alitazama masuke yangu meupe, akageuka akatazama mashamba ya majirani, kijani kitupu hadi mlimani, kisha akavua kofia.

"Umeshapika," akasema polepole, "na kijiji kizima bado hakijawasha moto. Sasa wageni wote watakuja kwako."

"Wageni gani?"

Alinyoosha kidole juu. Hapakuwa na kitu, siku ile.

Ninyi mnaowajua kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaovamia nafaka kwa makundi, mmeshaelewa. Mtama wa kijiji ukiiva pamoja, ndege wanagawanyika. Kila shamba linakula hasara yake ndogo, kila dungu, jukwaa la kulindia shamba, lina watu wanaopiga kelele, na ndege wanafukuzwa toka huku hadi kule mpaka wachoke. Mtama ukiiva peke yake, ndege wote wa bonde wana meza moja. Hilo halikuwamo kwenye vitabu vyangu. Lilikuwamo ndani ya swali la Mama Nyemo, nami nikalijibu kwa kutabasamu.

Walikuja asubuhi ya Jumanne. Kwanza nilidhani ni moshi. Familia nzima ilipanda madungu, mzee na kombeo lake, watoto na madebe, mimi na sufuria na mwiko. Tulipiga kelele toka alfajiri hadi jua linazama, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiwafukuza upande huu wanatua upande ule, na bua linavunjika kwa uzito wao. Siku ya nne sauti ilinikauka. Siku ya sita mzee aliteremka kwenye dungu, akatembea katikati ya mistari yangu iliyonyooka, akagusa suke moja tupu, akawaita watoto.

"Tukapumzike," akasema. "Wameshiba."

Nilikaa pale pale ardhini. Watoto watano walikuwa wamelitegemea shamba lile, na mwaka mzima ulikuwa mbele yao. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena, na nawaombea msiijue. Sikuweza kula chakula chao. Nilijifungia chumbani, nikaandika barua ya kuomba uhamisho, na kesho yake nikatoka nayo mkononi kwenda kumuaga Mama Nyemo.

Nilimkuta anajifunga kitenge kiunoni, vikapu viwili viko miguuni. Nilianza hotuba yangu ya kuomba radhi. Aliniachia niseme kidogo, kisha akanitwisha kikapu kimoja.

"Twende," akasema. "Utalia njiani."

Tulitembea muda wa saa nzima, tukauzunguka mlima wa mawe ambao sikuwahi kuuvuka. Nyuma yake kulikuwa na shamba. Halikuwa kubwa, wala halikuwa na mstari hata mmoja. Mtama mwekundu wa kizamani, suke limepinda shingo, umechanganyika na maboga, kunde na njugumawe, bado haujakomaa vizuri. Mtama ule una uchungu, ndege akiuonja anautema. Mbegu yake nilikuwa nimeiona kila siku bila kuiona: yale masuke meusi kwa masizi yaliyoning'inia juu ya moto jikoni, ambayo niliwahi kumshauri ayatupe kwa sababu za usafi.

Tulichuma maboga na majani ya kunde. Nilishindwa kunyamaza.

"Mama, ulipanda lini?"

"Ninyi mlipokuwa mnavuta kamba."

"Mzee anajua?"

"Ghala ni langu," akasema. "Mzee anajua ugali."

"Kwa nini hukuniambia kuhusu ndege?"

Aliweka boga kikapuni, akanitazama, na safari hii hakuwa anatania. "Uliniuliza? Ulimuuliza mzee. Mimi ulinijibu."

Nimesoma kozi nyingi tangu siku ile, na vyeti vyake viko kabatini. Hakuna iliyonifikia kama maneno hayo. Mimi mwanamke, niliyelala nyumbani kwa mwanamke yule, nikala alichosaga, nilikuwa nimempita kila siku kwenda kumtafuta mwenye nyumba. Mwenye mbegu, mwenye ghala na mwenye hesabu ya vinywa vya kulishwa alikuwa amekaa kwenye jiwe, na kazi yangu yote ilikuwa kumuuliza.

Barua ya uhamisho niliichana pale pale. Mama Nyemo alisema niwape mbuzi, tusipoteze karatasi.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Shamba lile la nyuma ya mlima lilitosha kuwafanya waishi, halikutosha kuwashibisha. Walivuna baadaye, wakajaza kilindo kimoja cha nafaka badala ya vitatu, na ilipofika miezi ya kabla ya mavuno mengine walikula mara moja kwa siku, ugali mdogo na mlenda mwingi. Nilitaka kuhamia kijiji cha pili niwapunguzie mdomo mmoja.

"Ukihama," Mama Nyemo aliuliza, "njaa nayo itahama?"

Akanikatia sehemu yangu ya ugali sawasawa na ya Nyemo. Nilipopata debe la mahindi Mpwapwa mjini nililifunga nyuma ya baiskeli isiyo na breki, nikalifikisha zima, soli zikiwa zimekwisha. Alilipokea kwa mikono miwili, akaita majirani walione, kana kwamba nimeleta posa. Kisha akawagawia.

Mwaka uliofuata sikumwomba mtu shamba. Nilimwomba Mama Nyemo anikutanishe na akina mama wenye maghala. Tulikaa uani kwake, wakashika mbegu, wakaitafuna, wakaitemea mate, wakaisema mbele yangu kama mchumba asiyejua lugha. Mwisho waliamua wenyewe: kila nyumba itapanda kipande kidogo cha mbegu mpya, wote wiki moja, na mtama mwekundu utabaki kwenye mashamba makubwa. Ndege walikuja, wakagawanyika, wakaondoka, na kila nyumba ikavuna. Katika ripoti niliandika kwamba nimebuni mbinu. Bwana Mgonja aliisoma, akafuta "nimebuni", akaandika "nimefundishwa", ndipo akatia sahihi. Namshukuru mpaka leo, alipo.

Baada ya hapo nilihamishiwa Chemba, ambako nilikaa miaka mingi nikijifunza alizeti na ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mwishoni Msalato, pembezoni mwa mji, ambako nilikuwa namshauri mkulima kuhusu nafasi ya miche wiki hii, wiki ijayo namkuta anapimiwa viwanja. Kila nilipofika kijiji kipya niliuliza kwanza mbegu inatunzwa wapi na nani. Swali hilo limeniingiza kwenye majiko mengi, na nimekula mlenda wa kila namna. Ninyi mna pikipiki na vishikwambi, nanyi ni wepesi kuliko nilivyokuwa. Lakini kishikwambi kinauliza jina la mkuu wa kaya, na mtajaza jina la mwanamume aliyesimama mlangoni. Jazeni, ndiyo kazi. Kisha ingieni ndani.

Nilipohama Chemba, kabla ya kuripoti Msalato, nilipitia kwa Mzee Ndahani. Tembe ilikuwa bado imesimama upande mmoja, na upande wa pili Nyemo, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amejenga nyumba ya bati. Mama Nyemo alinishika uso kwa mikono yote miwili, akahesabu meno yangu kwa kidole, akatangaza kwamba sasa nafaa kuitwa bibi. Kisha akaingia jikoni.

Mzee alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta, amezeeka, na uzee ulikuwa umemlegeza ulimi. Tuliongea habari za ng'ombe. Niliona ni wakati wa kusema lililonikaa moyoni miaka yote.

"Mzee, sikuwahi kukuomba radhi kwa lile shamba la korongoni. Na kuna jambo hulijui. Mwaka ule, mama alipanda shamba lingine nyuma ya mlima. Bila yeye tungekufa."

Alicheka hadi akakohoa. "Nani aliliberega shamba hilo? Yeye? Ile miiba ya nyuma ya mlima?"

"Mama alisema hujui!"

"Hakutaka uone aibu kwangu, na mimi sikutaka uone aibu kwake. Jumapili ulikuwa unakwenda kanisani. Ukishaondoka, nachukua jembe."

Nilihisi joto limenipanda usoni, umri wote ule. "Basi mlijua wote wawili. Ndege mliwajua. Kwa nini ulinipa shamba, mzee? Ungenikatalia!"

Alifuta macho kwa ncha ya shuka, akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi.

"Ningekukatalia ungekwenda kwa jirani," akasema. "Na jirani hana mke kama wangu."

Kutoka jikoni Mama Nyemo akapaza sauti kwamba mzee aache kumchosha mgeni, tunawe mikono. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikakaa hivyo kwa muda. Nilikuwa nimevaa ndala.